Pikapu inainua pua ikifunga tela: baluni za upepo zinatibu nini, na zipi ufunge

Tuelewane kwanza kwa majina. Ninazoziita baluni hapa ni ile mifuko ya mpira inayofungwa nyuma ya pikapu ili kuisaidia springi. Sizungumzii zile zinazofyatuka kwenye usukani gari likigonga, wala mfumo wa upepo wa mabasi ya mikoani. Springi yako ya chuma inabaki palepale, baluni inakuja kumsaidia mwenye kazi. Ukijaza upepo nyuma inanyanyuka, ukiutoa inarudi chini.

Kwa sababu matokeo yanaonekana hapohapo, watu huzinunua haraka. Mteja anaingia gereji: "Fundi, shikamoo. Gari limelala nyuma, nifungie baluni." Namjibu marahaba, halafu namuuliza anavuta nini, tela likiwa na mzigo lina kilo ngapi, na ulimi wa tela, ile ncha ya mbele inayofungwa kwenye gari, unaelemea gari kilo ngapi. Swali la tatu ndilo linalomaliza mazungumzo, maana hajawahi kupima. Basi tuanzie hapo.

Nyuma imekaa chini, taa zinamulika matawi ya miembe

Chukua tepu. Gari likiwa tupu, juu ya sakafu tambarare, pima kutoka katikati ya habu ya tairi hadi ukingo wa fenda, pembe zote nne, na uandike. Funga tela na mzigo wake wa kawaida, pima tena. Juzi nilipima Hilux ya kebini mbili inayovuta tela lenye simtanki la lita 1,000: nyuma ilikuwa sentimita 57 ikashuka hadi 50, mbele ilikuwa 53 ikapanda hadi 54 na nusu. Hizo namba nne zinakuambia mengi kuliko kulitazama gari kwa mbali na kutikisa kichwa.

Gari likilala nyuma hata bila tela, springi zimechoka. Inama utazame: pleti, zile bamba za chuma zilizopangwa moja juu ya nyingine, zimenyooka kama rula, au zimepinda kuelekea chini, au mojawapo imevunjika karibu na bolti ya kati. Hapo usinunue baluni. Badilisha springi, au peleka kwa wahunzi wazikunje upya na kuongeza pleti moja. Baluni ikifungwa juu ya springi iliyokufa inageuka kuwa springi yenyewe, inabeba usiku na mchana hata gari likiwa limepaki, na siku ikitoboka gari linakaa juu ya raba za kugotea.

Kama gari tupu liko sawa ila likifunga tela linazama, tazama ulimi wa tela. Tafuta mizani ya kupimia mazao, ile ya jukwaa ya kwenye maghala, iweke chini ya ulimi huku tela likiwa limelala usawa na limejaa mzigo wake. Kanuni wanayoitumia Marekani na Australia, na ambayo mimi naifuata, ni asilimia 10 hivi ya uzito wa tela lote. Lile tela la maji linafika kilo 1,500 na chuma chake, kwa hiyo ulimi ulipaswa kuwa na kama kilo 150. Nililikuta na 240, kwa sababu tangi lilikuwa limefungwa mbele ya ekseli. Tulilisogeza nyuma, ulimi ukashuka hadi 160, na nusu ya ugonjwa ikaisha kabla hatujagusa gari lenyewe.

Ukiondoa hayo mawili na gari bado likashuka sentimita nne au tano kwa mzigo halali, basi wewe ndiwe mteja wa baluni hasa: springi nzima, tela limepakiwa vizuri, na mzigo unakuja na kuondoka. Mtu ambaye mzigo haushuki garini, mfano pikapu ya mafundi yenye makabati ya vyuma mwaka mzima, bora aongeze pleti na asahau habari za kuangalia upepo kila wiki.

Usukani umekuwa mwepesi, gari linaelea barabarani

Hapa ndipo watu wengi wanapojidanganya. Kilo 150 za ulimi hazikai juu ya ekseli ya nyuma, zinaning'inia nyuma yake. Hilux ya kebini mbili ina mita 3.085 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, na boli ya kuvutia, ile tufe ya chuma inayoshika ulimi wa tela, iko kama mita 1.25 nyuma ya ekseli. Ni bembea ya watoto ile. Zidisha 150 kwa 1.25, gawanya kwa 3.085: unapata karibu kilo 61. Kilo hizo zimenyanyuliwa kutoka tairi za mbele zikahamia nyuma, kwa hiyo ekseli ya nyuma imeongezewa 211, si 150.

Ukijaza baluni, nyuma itanyanyuka na taa zitarudi barabarani. Kilo 61 hazitarudi mbele. Gari litaonekana limekaa sawa kwenye picha, huku tairi za mbele zikiwa nyepesi vilevile. Kinachorudisha uzito mbele ni kuupunguza ulimi, kufupisha chuma cha kuvutia ili boli isogee karibu na bampa, au kutumia kile kiunganishi cha kugawa uzito chenye fito mbili za chuma zinazokazwa kwa minyororo kwenye ulimi wa tela. Hicho cha mwisho si rahisi kukipata huku kwetu, na si kila tela linakikubali.

Kwa hiyo usijaze mpaka nyuma irudi palepale ilipokuwa gari tupu, achilia mbali juu zaidi. Mimi hujaza kwa hatua za psi 5 (psi ni kipimo cha upepo kinachosomwa kwenye geji), napima fenda kila mara, na nasimama nyuma ikiwa bado imeshuka sentimita moja au mbili kuliko gari tupu.

Tela linachezesha mkia

Baluni hazihusiki. Tela linaloyumba kulia na kushoto ukivuka kilomita 80 mara nyingi lina ulimi mwepesi mno: mzigo umepakiwa nyuma ya ekseli yake. Sogeza mzigo mbele, pima ulimi tena, angalia upepo wa tairi za nyuma za gari na za tela. Wenye matela ya maji wana adui wa pili, tangi lililojaa nusu. Ukipanda mlima, tuseme Kitonga, maji yote yanakimbilia nyuma, ulimi unapoteza uzito, na ukifika kileleni yanarudi mbele kwa kishindo. Tangi lijae au liwe tupu, ama liwe na vizuizi ndani.

Likianza kuyumba, toa mguu kwenye mafuta, shika usukani umenyooka, acha mwendo upungue wenyewe. Usikanyage breki za gari kwa nguvu na usijaribu kulifukuza kwa usukani.

Umeamua kununua: zipi?

Inategemea umelala chini ya gari ukaona nini. Land Cruiser Prado na Nissan Patrol nyingi zina koili nyuma, yaani springi ya chuma kilichoviringishwa. Baluni yake ni silinda ya mpira inayoingia ndani ya koili yenyewe, ndogo, na haitaki upepo mwingi. Air Lift 1000, ambayo ni mfano unaojulikana, inaruhusiwa kati ya psi 5 na 35, na jozi inasaidia hadi ratili 1,000, yaani kilo 450 hivi. Hilux na Land Cruiser za pikapu zina springi za pleti nyuma. Hapo inafungwa baluni nene yenye mikunjo kama kinanda cha mkono, ikikaa kati ya chesisi na ekseli, kwa vibao vya chuma na yubolti, yaani bolti zenye umbo la U. LoadLifter 5000 ya kampuni hiyohiyo ya Air Lift na Ride-Rite ya Firestone ziko kundi hili, zinakwenda kati ya psi 5 na 100.

Angalia namba mbili hizo vizuri, 35 na 100, kwa sababu kuna fundi wa pancha ambaye hajazijua. Baluni ya ndani ya koili ina nafasi ndogo sana ya upepo. Kompresa iliyozoea matairi ya malori itaijaza kwa sekunde mbili na kuipita mipaka kwa sekunde ya tatu. Wenye Prado nawaambia wanunue pampu ya baiskeli yenye geji. Wananicheka, halafu wanarudi kushukuru.

Namba kubwa ya kwenye boksi isikupumbaze. Baluni yenye uwezo wa kilo 2,000 na zaidi haiongezi hata kilo moja kwenye uwezo wa gari. Kibati kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva kinabaki na neno la mwisho, pamoja na tairi zako: tairi lenye namba 112 ubavuni linabeba kilo 1,120, hata ukifunga baluni za lori. Breki, bearing za ekseli na difu ni zilezile ulizonunua nazo gari.

Mambo mawili ambayo sikubali kuyapunguza bei. La kwanza, kila baluni iwe na mrija wake na valvu yake. Fundi atakuambia tuunganishe zote mbili kwa kiungo cha njia tatu, tuokoe mrija. Ukikata kona, uzito unaminya baluni ya nje, upepo unakimbilia ya ndani, na gari linalala zaidi kuliko lilivyolala bila baluni. La pili, kama gari limenyanyuliwa kwa springi ndefu, nunua baluni ya urefu huo. Ya kawaida itakuwa fupi, ikivutwa kila tairi linaposhuka shimoni mpaka ichanike shingoni.

Kompresa ya kufunga ndani ya gari ni starehe nzuri kwa anayefunga na kufungua tela kila siku. Kwa anayevuta boti mara mbili kwa mwezi, valvu mbili karibu na bampa zinatosha.

Zimefungwa, na asubuhi nyuma imelala tena

Kabla hujalaumu mpira, jua kwamba geji yenyewe inaiba. Baluni ina upepo kidogo sana, kiasi kwamba kila unapochomeka geji unapoteza psi mbili hata nne. Mtu anayepima kila baada ya saa moja atathibitisha kwamba inavuja, na mvujishaji ni yeye. Jaza, funga kifuniko, acha saa 24, pima mara moja. Ikipungua psi 2 hadi 4 baada ya kufungwa mara ya kwanza, hiyo ni kawaida. Ikizidi 5, tafuta.

Maji ya sabuni yenye povu zito, brashi, na subira. Anzia kwenye sindano ya valvu, halafu kiungo cha mrija kwenye valvu, halafu kiungo cha juu ya baluni. Mpira wenyewe uwe wa mwisho. Mara nyingi nimekuta kosa ni la siku ya kufunga: mrija ulikatwa kwa koleo, ncha ikabonyea ikawa yai badala ya duara, na kiungo hakiwezi kuziba yai. Toa upepo, chomoa, kata ncha upya kwa wembe, iwe imenyooka kabisa bila mshazari, ingiza mpaka usikie imegota chini, kisha uvute kidogo kuhakikisha imeshika. Kiungo chenye nyuzi kikivuja, kikaze robo mzunguko. Usipitilize, nyuzi za plastiki hazina msamaha.

Ukikuta mrija umelainika na kung'aa mahali, fuata jicho lako: egzosi iko karibu. Upitishe upande wa pili wa chesisi, na kati ya baluni na bomba la moshi kuwe na kile kibati cha kukinga joto kilichokuja kwenye boksi. Kibati hicho ndicho kitu cha kwanza mafundi hutupa.

Gari limekuwa gumu kama mkokoteni

Umesahau kutoa upepo baada ya kushusha tela. Rudisha hadi psi 5 au 10. Lakini usiishushe mpaka sifuri: baluni tupu inajikunja vibaya, inajing'ata katikati ya mikunjo yake, na kwenye barabara ya changarawe mchanga unaingia humo ukisaga kama msasa. Ikiwa ni psi 5 na bado gari linarusha abiria, angalia shokapu.

Linalala upande mmoja

Kama mirija imetenganishwa, pima kila upande. Shinikizo likiwa sawa na fenda hazilingani, springi ya upande ulioshuka imechoka kabla ya mwenzake. Unaweza kusawazisha kwa tofauti ya psi 5, zaidi ya hapo rudi kwenye springi. Kama zimeunganishwa, nimeshasema.

Breki za mbele zinaisha haraka, gari linapiga mbizi ukikanyaga

Hili nalikuta kwa watu wazuri waliofunga baluni vizuri, ndiyo maana nalipa nafasi. Pikapu nyingi, zikiwemo Hilux za miaka mingi, zina valvu ya breki iliyofungwa kwenye chesisi juu ya ekseli ya nyuma, na fimbo nyembamba inayoiunganisha na ekseli. Kazi yake ni kuhisi mzigo. Gari likishuka nyuma, fimbo inasukumwa na valvu inaruhusu nguvu zaidi kwenda breki za nyuma. Gari likiwa juu, inabana, ili tairi za nyuma zisijifunge likiwa tupu.

Sasa wewe umepakia, ukajaza baluni, nyuma ikarudi juu. Valvu haijui kusoma kilo, inasoma kimo. Inaamini gari ni tupu na inazinyima breki za nyuma nguvu siku ileile unapozihitaji. Ingia uvunguni uone kama unayo: fuata bomba la breki kutoka mbele, litakufikisha. Ukiikuta, hiyo ni sababu nyingine ya kuacha nyuma imeshuka kidogo. Kurekebisha fimbo kunawezekana, ila afanye fundi wa breki, na akumbuke kwamba siku gari likiwa tupu marekebisho hayo yatafanya kazi kinyume.

Baluni imechubuka au imechanika

Soma jeraha. Mkwaruzo ubavuni, mrefu na laini, ni kusuguana na tairi, shokapu au bomba la breki. Ikiwa imejazwa, vidole viwili vizima vipite pande zote. Tundu dogo chini ni jiwe au ncha ya yubolti iliyoachwa ndefu. Mpasuko wa duara karibu na shingo ni kuvutwa kupita urefu, na mara nyingi utakuta mtu aliweka shokapu ndefu: zamani shokapu ndiyo iliyozuia ekseli isishuke mno, sasa kazi hiyo imebaki kwa mpira. Mwenye boti atazame na vibao vyenyewe. Maji ya bahari yanayapanda magurudumu ya nyuma kila mara boti linaposhushwa, chumvi inakula vyuma wakati mpira bado mzima. Suuza kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyohiyo.

Ufa kwenye chesisi, au bodi na kebini vimeachana nafasi juu

Simamisha gari. Springi ya pleti hubeba mzigo kwenye ncha mbili, mbele na nyuma, zilizoachana kwa zaidi ya mita moja. Baluni inachukua sehemu ya mzigo huo na kuusukuma kwenye nukta moja ya chesisi, katikati ya ncha hizo. Ongeza ulimi mzito unaoning'inia nyuma ya bampa, ongeza mwendo kwenye mashimo, na hapo ndipo chesisi inapovunjika kama ukuni kwenye goti. Australia, ambako pikapu za kebini mbili huvuta karavani nzito jangwani, mjadala wa chesisi zilizopinda ni wa miaka mingi. Kila unapobadilisha oili, safisha chesisi juu ya baluni na upitishe taa na kidole. Rangi iliyopasuka mstari mmoja ni ufa mpaka ithibitike vinginevyo. Na kulehemu juu ya ufa huo kisha kurudisha mzigo uleule, mimi sifanyi.

Imepasuka njiani

Utasikia mlio kama wa tairi, kisha gari litainama upande mmoja. Simama pembeni, weka pembetatu. Toa upepo wa baluni iliyobaki nzima mpaka gari likae sawa, hata kama litakuwa chini. Punguza mzigo wa bodi la gari kwanza, halafu wa tela, ukiwa na tahadhari usiondoe wa mbele ya ekseli ya tela ukaacha wa nyuma, maana utatoka kwenye baluni iliyopasuka ukaingia kwenye tela linaloyumba. Tangi la maji fungulia koki umwage lote. Kata mrija uliobaki unaning'inia usije ukagusa egzosi, kisha tembea kilomita 40 kwa saa hadi gereji ya karibu, ukikwepa mashimo upande ule kwa sababu kati ya ekseli na chesisi kimebaki kipande cha raba tu.